Aliyelinyoosha Jani la Mama Uzi

“Toa shuka lako kwenye kamba yangu!”

“Kamba yako tangu lini? Msumari alipigilia marehemu mume wangu.”

“Basi baki na msumari. Kamba nimenunua mimi. Toa!”

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, na uwanja wa nyuma wa nyumba hii ya vyumba vinane umejaa watu kama kuna sherehe. Aliyeng’ang’ania pembe ya shuka, akidai kamba ni yake, ni Mama Uzi, mdarizi wa vitambaa vya meza na mashuka ya maharusi. Anayevutana naye ni Mama Rula, jirani yake wa mlango wa pili, fundi wa sare za shule.

Fundi redio wanayemwita Waya ametoka na mswaki mdomoni. “Jamani, liacheni likauke kwanza ndipo mgombane,” anasema. “Shuka bichi halina raha hata ukishinda.”

Anacheka peke yake.

Kwenye mlango wa jiko amesimama binti wa Mama Rula, ndoo mkononi. Ana miaka ishirini na minne. Mtaa mzima unamwita Rula, kwa sababu tangu shuleni hatembei bila rula kwenye mkoba. Shuka linalogombaniwa linauzwa katika maduka ya kampuni anakofanya mafunzo ya kazi, na aliyelichora ni yeye.

“Alilichora?” Mama Uzi anamgeukia mwandishi wa gazeti hili. “Muulize vizuri, mwanangu. Muulize alilichora akitazama nini.”

Rula anamalizia mwaka mmoja katika kitengo cha ubunifu cha kampuni kubwa ya maduka, yale maduka unayoingia kununua sabuni ukatoka na kiti. Waliochukuliwa walikuwa sita. Siku habari ilipofika, chumba cha mama yake kilifurika hadi wageni wakakaa kitandani. Mama Uzi alikuja na zawadi: kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe, maua mekundu na majani yake.

“Nikamwambia akatandike kwenye meza yake ya ofisini,” anakumbuka. “Wajue huyu mtoto ana watu.”

Meza yenyewe haikuwepo. Wote sita walibanana kwenye meza moja ndefu, ghorofa ya nne, migongo yao ikichomwa na joto la mashine ya kuchapia. Rula alitandika kitambaa kwenye kona yake.

Kazi aliyopewa ilikuwa vile vibandiko vidogo vya ndani ya nguo, vinavyosema usichemshe, usikamue, piga pasi ya moto mdogo.

“Nilichora pasi mpaka nikawa naiota,” anasema. “Mama anawatangazia watu mwanangu ni mbunifu. Mwanawe alikuwa anabuni usikamue.”

Posho ilikuwa ya nauli na chakula cha mchana, na iliisha kila mwezi ulipofika katikati. Nusu iliyobaki ya mwezi ilibebwa na cherehani ya mama yake. Ofisini hakuwa na jina. Alikuwa “wewe wa mafunzo”.

Mwezi wa sita wa mafunzo, mkuu wa kitengo, mwanamke wa miwani mikubwa anayeongea polepole, alisimama kwenye ile kona. Akainua kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Hiki umetoa wapi?”

“Nyumbani.”

“Kinauzika. Kichore.”

Akaanza kuondoka, kisha akarudi na kugusa ua moja la kitambaa kwa ukucha. “Jani hili limegeuka. Linyooshe.”

Hapo ndipo ugomvi wa kamba ulipoanzia.

Katika kila ua la Mama Uzi majani matatu yanalala kulia na la nne linalala kushoto. Alifundishwa na dada yake mkubwa, lakini badala ya kukaa ubavuni mwake, alikaa mbele yake, wakitazamana. Mkono wa dada akauona kinyume, akaiga kinyume. Dada alipogundua, mkono ulikuwa umeshazoea. Majani matatu yakarekebishika, la nne likakataa katakata.

“Dada akacheka, akasema basi, hilo liwe lako,” anasimulia Mama Uzi. “Dada hayupo tena. Jani lipo.”

Rula alilijua jani hilo. Utoto wake ulipita chini ya meza ya Mama Uzi, vitambaa vikining’inia juu ya kichwa chake.

“Nilikaa na kipanya cha kompyuta mkononi, sibonyezi,” anasema. “Halafu mkuu akaniita kwa jina langu. Miezi sita, na hakuwahi kulitaja. Nikalinyoosha.”

Mashuka yenye ua hilo yalipoingia dukani, Mama Uzi hakukasirika hata kidogo. Alikusanya nusu ya mtaa wakaenda kuyaona.

“Tulivaa kama tunakwenda kupiga picha,” anasema Waya. “Mlinzi anatufuata kila tunapopinda. Mama Uzi akalikumbatia shuka, akamwambia dada wa kaunta, ‘Hili la kwangu.’ Yule dada akasema, ‘Ukilipa, mama.’ Tulicheka njia nzima.”

Kicheko kilikatika pale mteja mmoja wa Mama Uzi, mama wa bibi harusi, aliporudisha mashuka aliyokuwa ameagiza.

“Akanisimamia hapa mlangoni,” anasema Mama Uzi. “‘Mama Uzi, unaiga ya dukani na bado unakosea. Ona jani hili, limegeuka.’ Mimi kuibiwa nimezoea. Nimeshaibiwa hata jiko likiwa na moto. Lakini kuambiwa mimi ndiye feki?”

Baada ya huyo, wengine wawili walifuta oda zao.

Gazeti hili liliipigia simu kampuni. Msemaji wake alisema kazi zote za walio mafunzoni ni mali ya kampuni, na kwamba kampuni inajivunia kukuza vipaji.

Jumatatu Rula anaitwa mbele ya wakubwa. Kati ya sita atabakizwa mmoja. Kila mtu uwanjani analijua hilo, ndiyo maana kelele za kamba zinazidi kupanda.

“Pesa zao wazile,” anasema Mama Uzi. “Ninachotaka aende akawaambie lile jani limegeuka, na lina mwenyewe.”

“Akajichongee?” Mama Rula anaachia shuka. “Mwaka mzima nashona macho yananitoka, leo akaseme kazi si yake? Akikosa, utamlisha wewe?”

“Nimemlisha mara ngapi?”

Waya anajifanya anasukutua. Rula anaweka ndoo chini, anaanua shuka likiwa bado linachuruzika, anaingia nalo ndani.

Jumanne jioni mwandishi anarudi na kumkuta ameketi kwenye kizingiti, viatu vya ofisini bado miguuni. Uwanja umetulia. Mlango wa Mama Uzi uko nusu wazi, chakula kinanukia.

“Nilisema,” Rula anaanza. “Walikuwa watatu. Nikawaambia ua si langu, ni la jirani yangu. Na lile jani mliloniambia nilinyooshe lilikuwa limekaa sawa.”

Mkuu alitabasamu, anasema Rula, tena tabasamu la upole.

“Akasema, ‘Tunajua. Ndiyo maana tumekuchagua wewe. Wenzako wanachora vizuri kuliko wewe, lakini wewe nyumba za watu ziko wazi kwako.’”

Kazi anayopewa ni ya kuzunguka majumbani kutafuta vya namna hiyo: darizi, ukili wa mikeka, mishono ya zamani. Apige picha, alete, vinyooshwe. Jibu lake linatakiwa Ijumaa.

“Nilidhani nikisema ukweli watanifukuza,” anasema. “Wamenipandisha cheo.”

Atakubali. Mama yake ameshautangazia mtaa, na cherehani yake haiwezi kubeba mwaka mwingine. Mpango wa Rula ni kwamba akiwa ndani atadai mashuka yajayo yatoke na jani likiwa limegeuka, na jina la Mama Uzi liandikwe kwenye kibandiko.

“Palepale pa usikamue,” anasema. “Nitasema mpaka wanichoke.”

Anaamini watamsikiliza? Anakwaruza saruji kwa ncha ya rula.

“Si nitakuwa ndani?”

Mama Uzi anatokea mlangoni, mwiko mkononi. Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Yote ameyasikia.

“Kwa hiyo umekubali.”

“Ijumaa, mama. Nitakubali.”

Mama Uzi anapangusa mwiko kwa pembe ya kanga.

“Umekula?”

“Bado.”

“Ngoja hapohapo.”

Anarudi ndani. Kinasikika kitambaa cha darizi kikivutwa mezani, kisha vile vya viti, kimoja kimoja, kisha kile cha kufunikia redio. Kifuniko cha sanduku kinafungwa. Ufunguo unazunguka.

Mlango unafunguka wote. Meza ni mbao tupu, na sahani zimekwishapangwa juu yake.

“Haya,” anasema Mama Uzi. “Ingia ule.”