Kisigino cha Kocha

Kocha wa zamani wa timu ya taifa ya kikapu hakuwa mtu wa kupayuka. Enzi zake, akipiga kisigino sakafuni mara moja tu, wachezaji wote watano walirudi mbio kuzuia. Leo ameketi jukwaani, akimtazama kocha mpya anavyobonyezabonyeza tableti huku wapinzani wakifunga kama wako shamba la babu yao. Akapiga kisigino. Hakugeuka mchezaji hata mmoja. Akapiga tena, kwa nguvu.

“Babu, unatubomolea jukwaa!” akadakia shabiki nyuma yake.

Aliyekisikia kisigino ni mfagizi aliyekuwa pembeni akifuta jasho la wachezaji sakafuni, nahodha wa zamani wa mzee huyo. Alitupa tambara, akakunja magoti, akatanua mikono kuzuia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee akauficha mguu chini ya kiti.