Kabati la Waliofungwa

Kazini walimwita Kabati, na hakuna aliyeona haja ya kumwomba radhi. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, mzito wa maneno, na funguo za masijala zilining'inia kiunoni mwake kwa miaka thelathini na mmoja. Masijala yenyewe ilikuwa ya mfuko wa pensheni: chumba kirefu chenye dirisha moja lililogoma kufunguka, na makabati ya chuma kwenye kuta mbili. Kushoto, wanaolipwa. Kulia, waliofungwa. Mstaafu akifariki, tarehe iliandikwa kwenye kisanduku cha chini cha jalada lake, Kabati akalitoa kushoto na kulipeleka kulia, hatua saba, na habari ya mtu huyo ikaishia hapo. Hakuwa mtu wa kutoa machozi ovyo, lakini majalada ya watu aliowafahamu aliyabeba kwa mikono miwili.

Sasa ana miaka themanini na sita. Amekula chumvi nyingi, kama tunavyosema, ingawa daktari alimkataza chumvi zamani sana. Anaishi na bintiye katika vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya chini, mahali ambapo jua huingia kidogo asubuhi na kuondoka kabla hujaanika hata soksi. Binti huyo ana miaka hamsini na tisa na miezi kumi na mmoja. Anafua mashuka ya hospitali, na wenzake wanamwita Mama Mashuka, ingawa hakujaliwa mtoto. Dawa ya kufulia imemla vidole mpaka mashine ya benki inayosoma alama za vidole inamkataa kila mara, inabidi aitwe meneja kuthibitisha kwamba huyu mama ni yeye.

Kabati hakupangiwa kuishi hivi. Alijipangia mwenyewe, tena kwa wino. Siku ya kustaafu, akiwa na miaka sitini, aliwekewa mezani fomu yenye visanduku viwili. Cha kwanza: malipo makubwa kwa miaka kumi, kisha basi. Cha pili: malipo madogo, mpaka kufa. Ukutani palikuwa na jedwali kutoka makao makuu lililosema wastani wa umri wa wateja wa mfuko ni miaka sabini. Sitini ukiongeza kumi ni sabini. Mtoto wa darasa la kwanza angeipata hesabu hiyo. Akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Na si yeye tu. Kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, kila mstaafu aliyechungulia masijala kuomba ushauri alionyeshwa lile jedwali na kuambiwa, "Chukua chako ungali na meno."

Alipotimiza sabini, malipo yalikatika mwezi uleule. Yeye hakukatika. Miaka kumi na sita sasa anakula kwa mkono wa mwanawe, na jambo hilo linamchoma. Anajifanya ameshiba kabla hajashiba. Vidonge vya presha amewahi kuvikata nusu kwa siri ili chupa ifike mwisho wa mwezi, akagunduliwa, akagombezwa kama mtoto.

Jumanne moja jioni Mama Mashuka alirudi na bahasha ya kaki.

"Fomu yangu imetoka, Baba," alisema huku akivua viatu. "Wanaitaka Ijumaa. Kuna mahali pa shahidi, utanisainia."

"Umeshachagua?"

"Kuna cha kuchagua hapo? Soma kipeperushi chao."

Kabati alisogeza karatasi karibu na dirisha. Visanduku vilikuwa vilevile viwili. Na kwenye kipeperushi, kwa herufi nene, waliandika kwamba wastani wa umri wa wateja wao ni miaka sabini.

Akarudia kusoma. Miaka ishirini na sita imepita, na namba haijasogea hata kidogo. Lakini mama wa mwenye nyumba ana tisini na moja na bado anafuata kodi mwenyewe. Kwenye benchi la kliniki ya presha, mwenye sabini na tano anaitwa kijana na kutumwa kuulizia foleni. Hao wote wanatoka wapi, kama watu wanaishia sabini?

"Weka cha pili," alisema.

"Cha pili kinalipa nusu, Baba."

"Weka hivyohivyo. Mimi niliweka cha kwanza, na unaniona."

"Nakuona," binti alisema. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma.

Kesho yake asubuhi Kabati alivaa shati la kola, akachukua fimbo, akapanda basi kwenda ofisi yake ya zamani. Nje ya geti alikuta mzee mmoja ameketi kwenye kibao, anauza sigara mojamoja na biskuti. Alikuwa dereva wa serikali enzi hizo, na alimtambua Kabati kabla Kabati hajamtambua yeye.

"Kabati! Bado upo?"

"Nipo."

"Na mimi nipo," dereva alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Si ulisema sabini? Mwezi ujao natimiza themanini na tisa. Nifanyeje, bwana, nikuombe msamaha?"

Kabati alinunua biskuti ambayo hakuihitaji, akaingia ndani haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

Dirishani alikaa karani mwenye miwani, umri wa mjukuu. Akamwamkia, akamvutia kiti. Kabati akamwambia shida yake: anataka kujua ile sabini inatoka wapi. Namba ya jalada lake aliitaja kwa kichwa, bila kukosea tarakimu. Karani akaibonyeza kwenye kompyuta, akatazama kioo, akamtazama mzee, akarudi kwenye kioo.

"Babu, samahani. Hapa inaonyesha umefungwa."

"Tangu lini?"

"Ulipofika sabini."

"Malipo ndiyo yaliyofungwa. Mimi siku ile nilikuwa nyumbani nakunywa chai."

"Naelewa. Lakini kisanduku ni kimoja tu, babu. Tarehe ya kufungwa jalada."

"Na huo wastani wenu mnauhesabu kwa kutumia nini?"

Karani alifungua ukurasa mwingine, akausoma kwa kidole. Alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka. "Kwa tarehe za kufungwa."

Kabati alielewa yote mara moja.

Alikumbuka mwaka ambao wastaafu wa kwanza wa ile miaka kumi walimaliza malipo yao. Walikuwa hai, wengine walikuja wenyewe kuuliza kama hakuna nyongeza. Kabati la kushoto lilikuwa limejaa mpaka droo hazifungi. Akaenda kwa mkuu wake kuuliza majalada haya ayaweke wapi. Mkuu alikuwa anakula karanga. Akamjibu, "Mtu halipwi tena, anakaa kushoto kufanya nini? Amua mwenyewe, Kabati." Naye akaamua. Akaandika tarehe kwenye kisanduku cha chini, akayapeleka kulia, pamoja na marehemu. Hakuyatengea droo. Hakubandika hata kipande cha karatasi cha kusema hawa wangali wanapumua, kwa sababu vibandiko viliharibu rangi ya makabati, na yeye alijivunia chumba chake kuliko baadhi ya wanaume wanavyojivunia watoto.

Mwaka uliofuata walikuja mabwana wa makao makuu. Walikaa wiki nzima wakifungua kabati la kulia na kunakili tarehe. Walimsifu kwa unadhifu, wakamzawadia saa ya ukutani. Baada ya miezi kadhaa jedwali likaja, na kila aliyechagua miaka kumi alihesabiwa amekufa siku malipo yake yalipoisha, yaani akiwa na sabini. Watu wakaliamini jedwali, wakachagua miaka kumi. Wakamaliza, wakapelekwa kulia, wakalitia jedwali nguvu. Naye ndiye aliyekuwa anawabeba, hatua saba, akirudi mezani kuwashauri wengine.

Alimweleza karani yote, taratibu, bila kujipendelea. Alipomaliza, karani alivua miwani.

"Nimekuelewa, babu. Kweli nimekuelewa. Lakini jedwali linatoka makao makuu. Sisi tunagawa tu."

Kabati aliitambua sentensi hiyo. Alikuwa ameitumia miaka mingi, katika jengo hilihili, kwa sauti hiihii ya upole. Akaomba karatasi, akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwandiko wake ulionyooka. Karani akaigonga muhuri wa kupokelewa na kuiweka kwenye trei. Trei ilikuwa imejaa. Hakuhitaji kuuliza inamwagwa wapi. Trei hiyo ilikuwepo tangu enzi zake.

Alifika nyumbani mchana, akakaa kitandani na kofia kichwani mpaka bintiye aliporudi. Kisha akamwambia. Alimwambia habari ya droo, ya karanga, ya saa ya ukutani ambayo hadi leo ilikuwa inagonga juu ya meza yao ya kulia. Mama Mashuka alisikiliza akijipaka mafuta kwenye nyufa za vidole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kwa hiyo nitaishi," alisema mwishowe.

"Utaishi, mama. Bibi yako alifika tisini na nne. Na mimi huyu hapa."

"Tuseme tisini."

"Tuseme."

"Baba, hilo nilikuwa nalijua. Nilipoanza kazi, mashuka ya wazee yalikuwa rundo dogo, nalimaliza kabla ya chai. Siku hizi ni wodi nzima, na vitanda havitoshi. Mimi sihitaji jedwali la mtu."

Kabati alimtazama. "Basi weka cha pili."

Binti alifunika kopo la mafuta, akafuta meza kwa kiganja, akaitoa fomu kwenye bahasha na kuilaza mbele yao. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayeeleza jinsi ya kukunja shuka.

"Hicho cha pili ni kodi na chakula cha mtu mmoja. Dawa hazimo. Nimekipima kila upande, mwezi mzima nakipima, tangu waliponitajia kiasi. Mtu mmoja, kinamtosha mpaka afe. Sisi tuko wangapi?"

Saa ikagonga. Mzee alifikiria kusema nipeleke mahali, lakini mahali gani? Nyumba ya wazee walishaulizia. Haipokei mwenye mtoto anayelipwa. Ndugu zake wote walishakufa, wengine aliwabeba kwa jeneza na wengine kwa jalada. Alifungua mdomo hata hivyo.

"Kama mimi nisingekuwepo…"

"Usianze," binti alimkata. "Sijasema umezidi. Nimesema tuko wawili." Akachukua kalamu. "Wewe ulikosea kwa kutojua. Mimi nakosea huku najua. Angalau tutakula."

Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza.

"Na ukifika sabini?" Kabati aliuliza. Hakutaka kuuliza, lilimtoka tu. Wewe nitakutunza mimi, ndivyo Kabati alivyowahi kumwambia bintiye, alipokuwa msichana wa miaka sita anayeogopa kuja kuzeeka peke yake. Mzee bado anaikumbuka siku hiyo. Binti akifika sabini, yeye atakuwa na tisini na sita, au hatakuwepo, na kati ya hayo mawili hakujua lipi ni baya zaidi kwa mwanawe.

"Nikifika sabini," Mama Mashuka alisema, akatazama mikono yake, "tutaona."

Hakuwa na mtoto wa kumkamilishia hiyo "tutaona". Wote wawili walilijua hilo, wakaliacha mezani.

"Saini, Baba. Hapo kwa shahidi."

Alimwomba kalamu ya wino. Chini kabisa ya fomu, chini ya mstari wa shahidi, palikuwa na kisanduku kitupu cha matumizi ya ofisi: tarehe ya kufungwa jalada. Kilikuwa kipana kama zamani. Kabati alijua tarehe itakayoandikwa humo, mwezi na mwaka, na alijua kwamba asubuhi baada ya tarehe hiyo mwanawe ataamka, atajipaka mafuta vidoleni na kuanza kuishi miaka ambayo haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Aliandika jina lake kamili, ambalo siku hizi haliitwi na mtu, na namba ya kitambulisho. Penye uhusiano na mwombaji akaandika: baba. Akapuliza wino ukauke, akaikunja fomu mara tatu na kuitia ndani ya bahasha. Bintiye alinyoosha mkono kuipokea, lakini mzee alikuwa ameshasimama. Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye kimeza cha mlangoni, ili isisahaulike asubuhi, hatua chache tu, kwa mikono miwili.