Baiskeli Isiyotaka Kusimama

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mnoa visu, na tangu ujana watu humwita Cheche. Jina alilopewa na wazazi, siku hizi hata ukimwita nalo hageuki. Kazi yake anaifanya juu ya baiskeli, ila baiskeli yenyewe iwe imesimama. Ngoja nieleze, maana wako waliozaliwa juzi ambao hawajaiona kazi hiyo. Akifika mtaani anateremka, anaivuta baiskeli juu ya stendi ya miguu miwili, ile inayoinua gurudumu la nyuma likaelea hewani. Kisha anapanda tena, anakaa kama msafiri, anakanyaga. Gurudumu linazunguka, mkanda wa mpira uliopitishwa juu yake unazungusha jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya magoti yake kwenye bomba la juu la fremu, na cheche zinaruka. Anakanyaga siku nzima na haendi popote. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, kwa miaka hii thelathini ungekuwa umeshaizunguka dunia." Akasema, "Na visu vyenu vingenolewa na nani?"

Baiskeli hiyo ilikuwa nyeusi, nzito, ya kizamani, ya usukani mpana unaokaa kama umekuja kusalimia. Fremu yake ilikuwa imechomelewa mara tatu pale chini pedali zinapoingia. Jumatatu moja ikakatika mara ya nne, Cheche akiwa juu yake na panga la mtu mkononi. Hakuumia, isipokuwa heshima.

Tuliibeba mpaka kwa fundi baiskeli, kwenye kibanda chake cha mabati ubavuni mwa kituo cha mafuta. Fundi akaigongagonga kwa bisibisi, akasikiliza kama daktari.

"Mzee, hapa chuma kimekwisha. Nikichomelea, nitakuwa naunganisha kutu na kutu."

"Unganisha hivyo hivyo."

"Sitaki kuja kuchangia msiba wako, mzee wangu."

Sasa ujue kilichokuwa kinamkaba roho. Kila Ijumaa Cheche hunoa visu vya ukumbi wa nyama sokoni, meza kumi na nne, na huo ndio ugali wake. Mitaani anaokoteza tu. Mkubwa wa ukumbi ni mwanamke mmoja mnene, mwepesi wa miguu, wanamwita Mama Mizani kwa sababu mizani ya kuning'inia iko chini ya mkono wake na hakuna anayemdanganya. Ijumaa iliyotangulia Cheche alikuwa na homa, hakwenda, na siku hiyo hiyo akatokea jamaa mwenye mashine ya umeme. Mama Mizani akamtumia Cheche ujumbe: "Ijumaa ijayo nisipokuona, ukumbi nampa wa umeme. Na sirudi nyuma, unanijua."

Kwa hiyo tulikuwa na Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Mdogo wangu aliniita kando. "Kaka, nenda naye dukani. Akienda peke yake atagombana na watu."

Nikaenda. Aligombana nami nikiwepo.

Duka la baiskeli nililikumbuka la zamani, giza na harufu ya mpira. Sasa lina taa nyeupe, na baiskeli zimening'inizwa ukutani kama nguo. Muuzaji ni bwana wa makamo, mpole, mwenye kitumbo kilichobanwa na fulana ya mashindano iliyojaa matangazo ya watu wengine. Ukutani nyuma yake palikuwa na televisheni, na ndani yake wanaume wembamba walikuwa wakipanda mlima huku wametoa ndimi.

"Nataka baiskeli," Cheche akasema. "Ya kawaida."

"Hizi zote ni za kawaida, mzee."

Cheche akazitazama. Matairi membamba kama mkanda wa suruali. Kiti kama ubao wa rula. Usukani umeinamishwa mpaka ukiushika unaonekana umeangusha sindano unaitafuta.

"Stendi iko wapi?"

"Hazina stendi. Stendi inaongeza uzito."

"Madigadi?"

"Yanakamata upepo."

"Keria je? Mzigo naweka wapi?"

Muuzaji akatabasamu kwa huruma. "Kuna mifuko ya mgongoni, mzee wangu. Mizuri sana."

"Yaani mimi niubebe mzigo mgongoni, halafu baiskeli inibebe mimi?"

Nikamkanyaga mguu. Hakunisikia. Akaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Hebu nieleze, ndugu yangu. Mimi nashindana na nani? Nani ananifukuza?"

Muuzaji hakukasirika. Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Mimi siundi, mzee, nauza. Mteja akiingia humu anataka ile aliyoiona ikishinda. Hao wakiinamisha usukani, mwaka unaofuata kiwanda kinamwinamishia hata anayekwenda kununua mkate. Hao wakivua madigadi, na wewe unavuliwa. Zile za zamani waliacha kutuletea. Nilikuwa na mbili, zilikaa hapa miaka minne, watu wakizicheka."

Kusema kweli nilimwelewa. Hata viatu ni hivyo hivyo. Nimetafuta viatu vya kutembelea, nikaonyeshwa vya kukimbilia, vyekundu, na mimi goti langu hili hata kutembea linadai subira. Lakini hilo halikuwa la kumwambia Cheche wakati ule. Alikuwa ameshakunja uso kama karatasi.

Alizunguka duka mara tatu, na mwishowe akachukua moja ya kijivu yenye michirizi myekundu. Aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa na michirizi michache. Pesa yake ya akiba yote ikaishia pale. Tulipotoka, muuzaji akamtakia ushindi mwema.

Jumatano fundi akaanza kazi ya kuifunga stendi ya zamani kwenye baiskeli mpya. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya nusu saa. Stendi ile hukamatwa na ekseli ya gurudumu la nyuma, kila upande na nati yake. Ekseli hii mpya ilikuwa fupi, imekatwa sambamba na fremu, haina pa kuvalisha hata kipande cha bati. Akajaribu kuibana mbele ya gurudumu. Tairi lilisogezwa karibu na fremu mno, kidole hakipiti. Bomba la juu, ambalo jiwe linakaa, liliteremka kama mtelezo wa watoto. Kwa hilo akachonga kabari ya mbao, jiwe likakaa sawa. Stendi ndiyo iliyokataa.

"Wameibana kila mahali," fundi akasema. "Kama mtu aliyemeza pumzi kupiga picha."

"Chomelea stendi kwenye fremu," Cheche akamwambia. "Isitoke tena maisha."

Fundi akasita. Nilimwona akisita. Akaigonga fremu kwa kucha, akainusa hata, sijui kwa nini. Lakini kwa miaka yote ile kila tatizo la baiskeli ya Cheche walilimaliza kwa kuchomelea, na mazoea ni kitu kingine. Akavaa miwani yake nyeusi, akawasha.

Moto ulipogusa tu, fremu haikuwa nyekundu kama chuma kinavyokuwa. Ilikaa kimya, haina dalili, halafu papo hapo ikalegea na kudondoka tone kama mshumaa. Fundi akaruka nyuma. Pakabaki tundu ninaloweza kupitisha kidole gumba.

"Hii siyo chuma," fundi akasema taratibu. "Ni bati la sufuria."

Cheche alisimama amelishika tundu lile kama anazuia maji. Mimi ningependa angetukana.

Alhamisi fundi alilizungushia tundu bamba la chuma na kulikaza kwa skrubu, bila kuchukua ujira. Alisema kwa matembezi ya taratibu itavumilia. Ijumaa asubuhi Cheche alifika ukumbini na baiskeli mpya iliyofungwa bandeji, isiyo na stendi, na mimi nyuma yake nimebeba jiwe kichwani.

Wakataji nyama wakaacha visu.

"Cheche! Umeingia kwenye mashindano?"

"Ameshinda, ndiyo maana baiskeli imeumia!"

Mmoja akaitundika kwenye mizani ya Mama Mizani. Kilo kumi na sita. Ile nyeusi waliwahi kuipima siku ya mzaha, ikawa kumi na tisa.

"Kilo tatu!" Mama Mizani akasema. "Ndiyo walizojisifia? Hizo si stendi yako na keria na vile vibati vya matope? Mimi nikikuuzia mguu wa ng'ombe bila kwato, nitasema nimekutengenezea mwepesi?"

Ukumbi ukacheka. Cheche hakucheka, maana ndilo jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumanne na hakujua namna ya kulisema.

Ilibidi wakataji wawili wenye misuli waiinue baiskeli nyuma na kuishikilia, huku na huku, yeye akae juu akanyage. Wanaume wazima wamekamata baiskeli kama mbuzi anayetaka kukimbia. Wakichoka inashuka, mkanda unatoka, kisu kinaparuza jiwe. Cheni nayo ina gia nyingi, ikipenda inaruka yenyewe. Kazi ya kumalizika kabla ya saa sita ilimalizika saa kumi. Visu vyote vilinolewa, na vikali. Lakini meza mbili zilikaa siku nzima bila mkataji, na wateja walikuwa wakiondoka.

Mama Mizani alimngoja amalize. Hakumpigia kelele, ingawa angeweza.

"Cheche, mkono wako siulaumu. Lakini siwezi kulipa watu wakushikie baiskeli. Ijumaa ijayo isimame yenyewe, au ikae nyumbani na wewe ukae nayo."

Tulipotoka, badala ya kwenda nyumbani Cheche akakata kona kuelekea dukani. Nikajua leo tutaitiwa polisi. Akaisukuma baiskeli mpaka mbele ya meza ya muuzaji. Muuzaji alipoiona ile bandeji akashika kichwa.

"Sikuja kurudisha," Cheche akasema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Hao wa kwenye televisheni, wakifika mwisho, baiskeli zao wanaziegemeza wapi?"

Muuzaji akafikiri. "Hawaegemezi, mzee. Wana watu wa kuwashikia."

"Aa," Cheche akasema. "Basi."

Akakaa juu ya boksi la matairi. Alionekana mzee ghafla, na ni mdogo kwangu kwa miaka saba. Mimi ndiye niliyemweleza muuzaji kazi ya shemeji yangu ni nini hasa: kwamba anakanyaga mahali pamoja, gurudumu likiwa juu. Tangu Jumanne hakuna aliyekuwa amemwambia. Cheche alidhani mtu akisema stendi imetosha.

Muuzaji akanitolea macho. "Anakanyaga bila kwenda? Lakini hata hao wa mashindano wanafanya hivyo! Mvua zikinyesha wanafanyia mazoezi ndani ya nyumba."

Akaingia stoo, akatoka na kitu cha chuma chenye miguu minne kama kigoda kilichopanuliwa, na skrubu mbili kubwa zinazokaba ncha za ekseli kutoka pande zote mbili. Akaifunga baiskeli. Gurudumu likapanda hewani. Cheche akainuka, akaitikisa kwa mikono miwili. Haikutikisika.

"Bei?"

Muuzaji akaitaja kwa sauti ndogo. Ilizidi ya baiskeli.

"Yaani," Cheche akasema, "wanang'oa stendi ili iwe nyepesi, halafu wananiuzia stendi kwa bei ya baiskeli nyingine?"

"Ni kwa ajili ya mazoezi, mzee."

"Mimi niko mazoezini miaka thelathini."

Nadhani huyu bwana alikuwa na aibu ya kweli. Alirudisha macho kwenye kile kitu na kusema kwamba yeye anakwenda kunywa chai, atakawia, na kama tuna fundi wa kuja kukitazama, kutazama hakuna bei. Nikampigia fundi. Alikuja mbio, akakizunguka kwa magoti, akakipima kwa shubiri na kwa kamba ya kiatu. Muuzaji aliporudi alimkuta amelala chini yake, akamruka na kwenda kuhudumia mteja.

Cha fundi kilikuwa tayari Alhamisi. Alikitengeneza kwa mabomba ya maji na skrubu za jeki ya gari, na safari hii alichomelea apendavyo, maana chuma kilikuwa chuma. Kinakaba vizuri. Ijumaa baiskeli ilisimama ukumbini tangu asubuhi mpaka kisu cha mwisho, na Mama Mizani akapita mara moja tu, akakipiga teke kukijaribu, akaendelea na safari yake. Yule wa umeme hakuitwa.

Ila kitu kile ni kizito mno. Na baiskeli haina keria. Ukikitundika kwenye usukani ule wa kuinama, baiskeli inapiga magoti. Bandeji nayo haitaki mtu na mzigo kwa pamoja. Basi Cheche anakwenda sokoni kwa miguu: stendi begani, jiwe limefungwa kwenye kiti, mkono mmoja unasukuma. Anatoka nyumbani saa moja kabla ya alivyozoea, na mitaa ya mbali ameiacha. Kule wanawake wameanza kunoa visu vyao kwenye ngazi za saruji, wanaviharibu.

Jana nilimsindikiza. Vijana wawili wakatupita na baiskeli kama yake, wamelala juu ya usukani.

"Ipande basi, mzee!" mmoja akapiga kelele. "Hiyo ni ya mbio!"

Cheche akahamisha stendi kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

"Mwambie," akaniambia, "mimi pumzi inanitosha kusukuma tu."

Nilipogeuka nimwambie, walikuwa wameshapotea kwenye kona.