Mshumaa wa Pinki

Kwa miaka kumi na moja taji la Majilio katika kanisa letu dogo karibu na Wamagana lilikuwa mikononi mwangu, na sikuwa na mpango wa kulitoa. Nilikata matawi ya saipresi kwenye ua wangu, nikayafunga kwenye waya wa duara, nikasimamisha mishumaa minne. Katekista alinifundisha maana yake nikiwa msichana. Duara halina mwanzo wala mwisho, kama Mungu. Majani mabichi ni uzima. Mishumaa mitatu ya zambarau ni ya toba, na ule wa pinki, unaowashwa Dominika ya tatu, ni wa furaha. "Majilio ni kungoja," alizoea kusema, "na anayengoja vizuri hanuni."

Mimi nilinuna. Kaka yangu alikuwa ameoa mwalimu kutoka Kianyaga, mwanamke mwenye sauti nzuri na lipstiki ya pinki mpaka kwa misa ya asubuhi. Hakuwa amemaliza hata mwaka, akina mama wa kanisa wakasema taji mwaka huu litengenezwe na yeye, ati damu mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi sikupona. Nilimwonea wivu hata jinsi alivyosema asante. Nilipotoa sanduku la mishumaa nimpelekee mwenyekiti wetu, nilichomoa kwanza ule wa pinki, nikauficha kabatini nyuma ya mkebe wa majani chai. Nilitaka Dominika ya tatu ifike, kanisa lote lione pengo, liulize aliyekuwa akifanya vizuri yuko wapi.

Jumamosi kabla ya Dominika ya kwanza wifi akaja kwangu.

"Wifi, naomba matawi kwa ile fence yako," alisema. "Na ati mshumaa ya pinki haiko kwa box. Wewe ndio unajua hii maneno. Uliiona?"

"Sijaiona," nikasema, na uso wangu haukubadilika hata kidogo. "Labda panya."

"Panya inakula mshumaa?"

"Ya huku inakula kila kitu."

Duka la kanisa mjini Nyeri lilikuwa limeshafungwa, nami nilijua. Hapo mbuzi akaingia kwenye sukuma wiki yangu, nikatoka mbio na fimbo. Niliporudi nilikuta wifi ameinjika chai, amesimama karibu na jiko akikoroga, ametulia. Tukanywa. Nikamkatia matawi, nikimchagulia yenye majani ya manjano.

Kesho yake taji lilikuwa mbele ya altare. Majani ya manjano aliyageuzia ndani, yasionekane. Na katikati ya zambarau tatu ulisimama mshumaa mweupe wa dukani, umepakwa lipstiki kuanzia juu hadi chini. Akina mama walicheka, wakampigia makofi. Nilipiga makofi pia, meno yameumana. Hata hila yangu alikuwa ameigeuza sifa yake.

Dominika ya tatu, wakati wa kuwasha, alisimama mbele ya watu wote.

"Mshumaa ya furaha itawashwa na wifi yangu," alisema. "Yeye ndio ametutengenezea hii taji miaka yote."

Nilitembea ile njia fupi ya katikati ya kanisa nikiwa na hasira na aibu, sijui ipi ilitangulia. Ilinibidi niushike mshumaa usianguke. Moto uliposhika, lipstiki ikalainika, ikaniganda vidoleni. Tulipopeana amani kila mkono nilioushika ulibaki na alama ya pinki, na watu walidhani nimejikata.

Baada ya misa alinikuta kwenye bomba nje, nikisugua. Akachukua mkono wangu, akaanza kuufuta kwa leso yake, kidole baada ya kidole. Sikuweza kumtazama.

"Wifi," nikasema, "ule mshumaa nitautafuta tena. Labda nitauona."

"Iko nyuma ya majani chai," akasema, bila kuacha kufuta. "Niliiona siku ile nikitafuta majani, ukifukuza mbuzi. Nikaiacha hapo, nikajua utaileta mwenyewe. Jumapili tatu nimekungoja."