Kitambaa cha Shujaa Wangu

Pale Mafinga nilikuwa nachora hadithi ya picha kuhusu mpasua mbao anayekamata wezi. Hakuwa na nguvu zozote za ajabu. Alikuwa na ngumi zake tu, na kile kitambaa ambacho wapasua mbao wote hujifunga puani kuzuia vumbi. Wafanyakazi wa kiwanda cha mbao walimpenda. "Huyu ni sisi kabisa," waliniambia, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi moja wanne kati yao, wamejifunga vitambaa hadi chini ya macho, walimkamata mzee aliyebeba mbao zenye rangi ya tajiri wao. Huku kwetu kila mwenye mbao hupaka rangi yake kwenye ncha. Walimpiga mpaka akalala chini. Tajiri alipofika alipiga kelele: mbao zile yeye mwenyewe ndiye aliyempa mzee, bure, amtengenezee marehemu mkewe jeneza.

Polisi waliniuliza ni akina nani. Nilikuwa hatua chache tu, nikashindwa kuwataja. Wote walifanana na shujaa wangu. Upuuzi mtupu! Mimi kitambaa nilimfunga ili apendeze kwenye karatasi. Wao waliona mapema kuliko mimi kazi ya kitambaa kile ni nini.