Jumapili ya Bahasha

Nilikuwa mchungaji msaidizi kwa miaka miwili na kitu, na sehemu kubwa ya huduma yangu ilikuwa kupaka karatasi mafuta.

Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia nimeacha uchungaji, na kanisa pamoja nao, hutarajia kisa kikubwa. Wanataka mwanamke, au pombe, au kitabu fulani nilichosoma chuoni Kampala kikanivuruga kichwa. Ningependa iwe hivyo. Mtu anayefikiri kupita kiasi kama mimi alistahili kuangushwa na hoja nzito. Mimi niliangushwa na mafuta ya simsim.

Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Gudele, bati juu, turubai pembeni. Nilikuwa nimerudi Juba na shahada ya maendeleo ya jamii, nakaa kwa mama yangu, mtaa wa Lemon Gaba, na kuamka kila siku nikiwa na hofu ambayo bado haijapata sababu, lakini nikiipa muda itapata. Kiongozi wetu aliiona shahada hiyo akasema ni ya ufalme wa mbinguni, akanifanya msaidizi wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza mwaka ule akiwa mchungaji, katikati ya mwaka akawa askofu, na kabla ya Krismasi akawa Mtume. Sijaona mfanyakazi wa shirika lolote hapa mjini aliyepandishwa cheo kwa kasi ile.

Hapa kwetu kazi nyingi bado huombwa kwa bahasha. Unachapisha wasifu wako, unaambatisha nakala za vyeti na kitambulisho, unatia kwenye bahasha ya kaki, unaipeleka getini, unaandika jina kwenye daftari la askari, kisha unaitumbukiza sandukuni na kwenda nyumbani kusubiri simu. Mtume aliona pengo katika utaratibu huo. Hakuna mahali Mungu alipohusishwa. Basi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ikawa Jumapili ya Bahasha. Watu walizileta madhabahuni, Mtume akaziombea kwa sauti, nami nikazipaka mafuta moja moja.

Mwanzoni nilichovya kidole tu. Mtume akanionya. "Mafuta yasipopenya, upako haujapenya." Nikaanza kutumia kiganja kizima. Nilikuwa na maswali ambayo sikuthubutu kuyauliza: je, nipake upande wa anwani au upande wa gundi? Nikipaka anwani, malaika atajuaje ofisi? Mafuta ya zeituni tuliyonunua kwa Msomali wa dukani yalipokuwa ghali, Mtume aliyabariki ya simsim, yaani ufuta, na kwa miezi kadhaa madhabahu yetu ilinukia kama mtu anakaanga vitumbua.

Aliyepata kazi alisimama kushuhudia. Asiyepata aliletwa kwangu, kwenye viti viwili vya plastiki nyuma ya turubai, ili tutafute kizuizi. Kizuizi hakikuwahi kuwa mafuta. Kilikuwa dhambi iliyojificha.

Ndipo nikampata Mama wa Mlangoni. Tulimwita hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyepokea watu na kuwapangia viti, na hakuna aliyechelewa bila kukatwa jicho naye. Alikuwa amefanya kazi ya lishe miaka mitano kambini, upande wa Uganda, akipima mikono ya watoto na kuwafundisha akina mama kupika uji wa nguvu. Alikuwa na barua nzuri ya kumpendekeza. Kila mwezi alileta bahasha, kila mwezi simu ikanyamaza.

"Mama," nilimwambia, kwa ile sauti ya chini tuliyofundishwa, "funga siku saba. Mwombe Bwana akuonyeshe dhambi iliyojificha."

Baada ya siku saba alirudi, shingo imekonda.

"Pasta, haijaonekana."

"Ongeza tatu," nikasema.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele, mbele ya watu wote, akaungama kwamba alikwenda kwa kujur, mganga wa mizimu. Kanisa zima likashusha pumzi. Ninawajua watu wale, na pumzi ile haikuwa ya huzuni. Alivuliwa huduma ya mlango kwa miezi sita. Benchi alilokaa likabaki wazi kulia na kushoto, na akina mama waliokuwa wakitembea naye kurudi Hai Mauna wakakumbuka njia nyingine. Mimi nilirudi nyumbani nimeridhika. Tumeipata, nikawaza. Sasa ataitwa.

Hakuitwa. Niliyeitwa ni mimi, tena si kwa bahasha. Jirani aliniambia kwamba shirika moja linatafuta mtu wa wiki tatu wa kupanga barua za waombaji kazi. Nilikwenda kwa miguu, mikono mitupu, nikaanza siku iyo hiyo. Aliyenisimamia alikuwa mama mmoja Mkenya mwenye miwani shingoni na nyingine kichwani.

"Kijana, hizo chapati usichanganye na zingine."

"Chapati?"

"Si unaona? Zimekaangwa." Akaokota bahasha moja kwa ncha za vidole, akainusa. "Hii hata ina simsim. Sijui nani huwaandikia watu barua jikoni."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama Petro pale penye moto, ila mimi sikupata hata jogoo wa kunistua. Alipoondoka nikazipekua chapati zile. Zilikuwa zetu. Niliyajua majina yote, na juu ya bahasha kadhaa kilikuwapo kiganja changu kizima, wazi kama muhuri. Ndani, wino ulikuwa umetapakaa, vyeti vimegandana, na picha za paspoti zimekuwa vioo. Katika bahasha ya Mama wa Mlangoni sikuweza kusoma chochote isipokuwa neno "uji".

"Kwani hizi hazisomwi?" nilimuuliza Mkenya baadaye, nikijifanya sina haja.

"Nisome nini? Nikiziweka kwa mashine ya kuskani inateleza. Lakini sanduku linafungwa Jumatatu saa kumi. Mtu akileta nyingine kavu, nitaisoma kama za wengine."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilitembea mpaka Hai Mauna nikiwa nimetunga namna sita za kuianza habari ile. Mama wa Mlangoni alikuwa uani akichambua dengu. Namna zote sita zikanitoroka.

"Mama, bahasha yako haijasomwa."

"Ya mwezi hii?"

"Ya miezi yote, labda. Mafuta yameingia mpaka ndani. Herufi hazionekani."

Aliendelea kutoa mawe kwenye dengu. Moja, jingine.

"Ni mafuta," akasema.

"Ni mafuta."

"Sio kujur."

Hapo nikauliza swali ambalo mchungaji mwenye akili angeuliza miezi mitatu kabla. "Mama, kwani kweli ulikwenda kwa kujur?"

"Mimi niende kwa kujur na nani? Hata nyumba yake mimi sijui!" Akasukuma ungo pembeni. "Wewe ndiyo ulisema tafuta dhambi. Nikatafuta siku kumi, njaa inaniua, nikapata ya kutukana mbuzi ya jirani. Nikaona hii ni kidogo sana, pasta atanirudisha kwa njaa tena. Nikachukua kubwa."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe hapa, kwa dengu?" Alinitazama kama alivyowatazama waliochelewa ibada. "Mimi nilisemea pale mbele, watu yote wanasikia. Na wewe utasemea pale pale."

Jumamosi nilimwendea Mtume, maana mwoga hujaribu kwanza njia ya mlango wa nyuma. Nilimweleza habari ya wino. Nikapendekeza kwa heshima kwamba tupake watu kwenye paji la uso na kuziacha karatasi.

"Kijana wangu, paji la uso ndilo linalotumbukizwa sandukuni?"

"Hapana, baba."

"Na wale walioshuhudia kupata kazi? Hawakupakwa?"

Swali hilo nilikuwa nimelikeshea. Mmoja alituma barua yake kwa baruapepe. Mwingine mjomba wake ndiye bosi wa madereva. Wa tatu alichelewa ibada akakuta mafuta yameisha. Nikamweleza haya yote. Mtume akaniwekea mkono begani, mzito, wa kibaba.

"Shahada ni nzuri," akasema, "lakini inakufanya uhesabu kile Mungu anachomimina. Kesho utapaka."

Jumapili hiyo palikuwa na bahasha nyingi kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu alijua sanduku la shirika lile linafungwa kesho yake. Ibada yetu ilikuwa ya lugha mbili. Mhubiri alisema Kiswahili, ambacho waliorudi kutoka Uganda walikielewa, na pembeni yake mkalimani alitafsiri kwa Kiarabu cha Juba kwa ajili ya wengine. Mkalimani wetu alikuwa bingwa. Ukirusha mkono, naye anarusha. Ukilia, analia kabla hujamaliza. Waliokaa kushoto walimsikiliza yeye, waliokaa kulia walinisikiliza mimi. Bakuli la simsim lilikuwa mbele yangu na kipaza sauti mkononi.

"Wapendwa," nikasema, "barua zenu hazisomwi kwa sababu ya mafuta haya. Ni mkono huu unaoziharibu." Nikauinua mkono.

Mkalimani akauinua wake. Akamtazama Mtume. Kisha, kwa Kiarabu safi, akawatangazia walio kushoto kwamba pasta anasema mkono huu una upako wa kutisha.

"Aleluya!" wakaitikia kushoto.

Kulia walijivuta nyuma kama watu walioona nyoka.

"Na huyu mama hakwenda kwa kujur," nikaendelea. "Mimi nilimlazimisha atafute dhambi, akakosa, akaitunga. Mwenye kosa ni mimi."

"Pasta anasema kila mtu aitafute dhambi yake," akatafsiri mkalimani, jasho likimtoka.

"Amina!"

Nilikuwa nimeandika hotuba ile mara nne na nilikuwa nimefikiria kila balaa: kupigwa, kuzimiwa jenereta, kuzimia mwenyewe. Sikuwa nimefikiria kushangiliwa. Nikasimama nimeachama, nusu ya kanisa ikinipigia makofi na nusu ikinilaani, na sikujua la kufanya.

Aliyejua ni Mama wa Mlangoni. Alisimama kutoka kwenye benchi lake la upweke, akawageukia wa kushoto, na hakuhitaji kipaza sauti.

"Ana ma ruwa le kujur!" Sikwenda kwa kujur. Akawaeleza kwa Kiarabu chao habari yote, ya njaa, ya mbuzi wa jirani, ya bahasha zilizokaangwa mpaka ofisi ikaziita chapati. Kwenye mbuzi mtu alicheka, kisha wengi wakacheka. Halafu akamnyooshea mkalimani kidole. "Na wewe, huo uongo utafunga siku ngapi?"

Mtume alikuwa amekwisha kumpa ishara mpiga kinanda. "Roho ya elimu!" akanguruma. "Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

Sikuwa na hakika kama anayeamriwa kutoka ni ile roho au ni mimi, nikaona ni salama zaidi tutoke wote wawili. Nilifika barabarani nikagundua bado nimeshika kipaza sauti. Mhudumu mmoja alinikimbilia, akihema.

"Pasta, upako baki nao. Maiki rudisha."

Hivyo ndivyo nilivyotoka. Wananiuliza kama bado namwamini Mungu. Huwa naanza kujibu, na jibu langu lina vipengele, na kabla sijafika cha tatu muulizaji amekumbuka safari. Ninachojua ni kidogo. Nilimwambia mwanamke mwenye njaa aongeze siku tatu, na niliposema hivyo nilijisikia karibu sana na Mungu. Siku hizi nikijisikia hivyo, naogopa. Mama yangu bado huenda kanisa lile. Ananiombea kwa sauti, chumba cha pili, ili nisikie.

Jumatatu nilikuwa getini kusaidia kupokea barua. Mama wa Mlangoni alifika saa tatu na bahasha kavu, mpya, pembe kali. Nyuma yake walikuwapo wengine kumi na zaidi wa kanisani, wa kulia na wa kushoto, wengi wakitazama viatu. Shemasi mmoja, ambaye jana yake alikuwa ameitikia "toka" kwa nguvu zote, alijongea mpaka sikioni.

"Sikusalimii, unaelewa," akanong'ona. "Lakini hebu shika. Hii imekauka sawasawa?"

Nikaishika. Nikamwambia imekauka.

Kati yao wote aliyeitwa kwenye usaili ni Mama wa Mlangoni peke yake. Mkenya alisoma barua yake mara mbili akasema huyu anajua kazi. Mama alikuja amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikang'aa, akaingia, nami nikakaa nje nikikata kucha kwa meno. Alitoka baada ya saa nzima. Walikuwa wamempa jaribio la kuingiza takwimu za watoto kwenye kompyuta, na hakuwahi kuigusa maishani.

"Wamekataa," akasema.

Nikafungua mdomo. Sijui nilikuwa karibu kusema nini, lakini yeye alinijua, akanizuia kwa kiganja.

"Pasta, nyamaza. Leo mimi nimeshindwa na kompyuta. Sio na dhambi." Akakunja barua zake, akazitia kwapani. "Kompyuta wanafundisha wapi hapa Juba?"

Nilipajua. Nilimwelekeza, akaenda moja kwa moja, na kitenge chake cha usaili.