Fundi chokaa na mbuzi wa chumba cha mahabusu

Saa moja asubuhi lango la ngome bado limefungwa, lakini uani koleo linakwangua karai. Mwanamke aliyejifunga kilemba anageuza mchanganyiko wa chokaa na mchanga, anamega kidogo, anaubonyeza kwa vidole, kisha anatikisa kichwa.

"Bado una kiburi," anasema. "Ngoja unywe maji kwanza."

Wenzake humwita Mwiko, kwa kile chombo cha kupigia plasta kisichombanduka mkononi. "Mume wangu ndiye hunicheka," anasema. "Eti kaoa mwiko, na mwiko hauguswi."

Ngome hii ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wanajeshi wao, na vyumba vya chini wakavifanya mahabusu. Walipoondoka ikawa ghala, kisha gofu. Watu wakachomoa mawe wakajengea vyoo. Miaka michache iliyopita halmashauri ya mji iliamua kuikarabati ili wanafunzi waje kujifunza historia. Wakatafutwa mafundi wanaoijua chokaa, na Mwiko, aliyefundishwa na baba yake, akapata kibarua.

Nyumbani hakuna aliyempongeza. Mama mkwe wake, anayeishi naye, alikuwa mtoto mdogo baba yake alipofungiwa humo. Alikuwa akimpelekea chakula na kurudishwa langoni.

"Aliniuliza, 'Unaenda kuwapambia nyumba yao?'" Mwiko anakumbuka. "Wiki nzima tukawa tunasalimiana tu. Chai ananimiminia, lakini neno hakuna."

Siku moja akawa anakwangua rangi kwenye chumba cha mwisho cha mahabusu. Chini yake akakuta michoro iliyochongwa kwa kitu chenye ncha: mbuzi, mmoja nyuma ya mwingine, na mtu mwenye fimbo. Lakini ukuta wenyewe ulikuwa umevimba, na ramani ya ukarabati ilitaka ubomolewe.

Jioni alisimulia mezani. Mama mkwe akaacha kula. "Kesho nipeleke," akasema.

Alipofika langoni, bibi huyo alisimama kwa muda mrefu. Safari hii hakuna aliyemrudisha. Chumbani alisogeza uso hadi karibu aguse ukuta.

"Huu si mkono wa baba," alisema hatimaye. "Baba hakuweza kuchora hata yai."

Mafundi wakaangua kicheko, naye akacheka nao, mpaka machozi yakamtoka na kicheko kikakatika.

"Lakini aliyechora alikaa na baba humu. Mwanangu, usimfute."

Mwiko alimfuata mhandisi wa ukarabati. "Fundi, ukuta huu ukiwaangukia watoto, nani atajibu?" mhandisi alimuuliza. Mwiko akamvuta hadi ukutani. Walishinda chumbani humo, wakibishana na kupimapima, mpaka wakakubaliana: ukuta uegemezwe kwa mbao, mawe mabovu yatolewe kwa upande wa nyuma, moja moja, na nafasi zijazwe chokaa. Ufunguzi ukaahirishwa.

"Siku ya kuondoa mbao nilitoka nje kabisa," anasema. "Sikutaka kuona."

Ukuta ulisimama, na mbuzi wote wapo.

Lango linapofunguliwa, darasa zima linaingia na kukaa sakafuni mbele ya michoro hiyo. Bibi ameketi kwenye kiti, akiwasimulia habari za baba yake. Siku hizi ndiye anayekumbusha nyumbani kwamba leo kuna wageni.

"Bibi, baba yako aliiba nini?" msichana mmoja anauliza.

"Hakuiba. Alikataa kubebeshwa mizigo ya jeshi kama punda."

"Hakuogopa?"

"Aliogopa sana. Na akakataa hivyo hivyo."

Kutoka uani, Mwiko anasikiliza huku akiosha karai.

Kazi haijaisha. Kabla ya mvua anataka kuweka ngazi ya mbao ya kupandia mnarani, kando ya ile ya mawe iliyochakaa, na mhandisi ameshakubali. Ameomba pia apewe wasichana wawili wa kuwafundisha chokaa, maana, anavyosema, mgongo wake umeanza kumjibu vibaya.

Vipimo vya ngazi tayari anavyo. Alivichukua nyumbani, mama mkwe akipanda na kushuka kizingiti cha jikoni huku akinung'unika.

"Nimefuata magoti yake," Mwiko anasema. "Akiweza kupanda yeye, mji mzima utapanda."